Chumvi ya Wapigilia Dari

Hapo zamani, katika zama ambazo nyumba ya mtu mkubwa haikuitwa nyumba mpaka dari yake ipigiliwe kwa nyimbo, palikuwa na mji wa pwani uitwao Pandikuu, na katika mji huo aliishi mshona mikeka mmoja jina lake Mshangama. Alikuwa maskini wa kutupwa. Kibanda chake cha makuti kilivuja mbele na nyuma, na katikati kilivuja zaidi, na watu wa mji walipenda kusema kwamba hata kichwa chake kina chumba kimoja kisichoezekwa. Sababu ya maneno hayo ni kwamba Mshangama akiambiwa jambo, hulifanya kama alivyoambiwa, hapunguzi wala haongezi. Siku moja jirani yake alimwachia chungu jikoni, akamwambia amtazamie. Mshangama akaketi akakitazama kwa macho yote mawili mpaka kikaungua, na jirani aliporudi akaelezwa kwa utaratibu jinsi kilivyoungua, kwanza chini, kisha pembeni.

Basi wakamwita mjinga. Mimi kwa upande wangu nimewaona wengi waitwao wajinga, na kosa lao kubwa ni kwamba hawajui kujifanya. Lakini tuendelee.

Ikawa mwaka mmoja, masika yakiwa yamekaribia, tajiri wa mji ule, Bwana Shekue, akajenga nyumba ya mawe ya ghorofa moja, ikabaki dari. Na kupigilia dari, kwa asiyejua, si kazi ya mtu mmoja wala wawili. Hupangwa boriti, juu ya boriti mawe madogo, juu ya mawe chokaa na mchanga, kisha watu thelathini, wake kwa waume, hupanda juu, kila mtu na kipande chake, yaani kigogo kifupi chenye mpini, wakaipiga ile chokaa siku tatu mpaka ishikamane ikawa jiwe moja. Wala hawapigi hivi hivi. Yuko mwimbishaji atoaye neno, wote huitikia, na vipande vyote hushuka pale pale neno linaposhuka. Hiyo ndiyo desturi tangu mji ulipojengwa, na pamoja nayo ziko nyingine mbili: mwenye nyumba huwapa wapigilia chakula cha adhuhuri chenye tui zito, nao wana ruhusa ya kumtania katika wimbo, naye hana ruhusa ya kukasirika.

Sasa Bwana Shekue alikuwa na mashamba ya minazi ambayo mwenyewe hakupata kuyamaliza kuyatembelea, lakini nazi moja ikimtoka mkononi hulala na homa. Adhuhuri ya siku ya kwanza akawaletea wapigilia kunde chukuchuku, zimechemshwa kwa maji na chumvi, basi. Wakala kimya. Walipopanda tena juu, mwimbishaji wao, mwanamke mmoja mwenye sauti ya kufika sokoni, aitwaye Bi Zuwena, akakohoa kidogo, akatoa neno:

"Kunde zaogelea, jamani, zaogelea,
Zimeitafuta nazi, nazi haikutokea."

Vipande thelathini vikaitikia. Na kule sokoni watu wakaacha kupima samaki wakacheka, na jioni ile Bwana Shekue alipokwenda barazani kwa wenzake akakuta kila mtu anamuuliza kama kunde zimeshajua kuogelea. Akarudi nyumbani uso umemvimba. Asubuhi akapanda darini akawaambia wapigilia kwamba kuanzia leo hataki wimbo, si wa kunde wala wa nini.

"Nimeajiri mikono sitini," alisema. "Midomo sikuiajiri."

Basi wakapiga kimya. Na kwa kuwa hapakuwa na neno la kuwafunga pamoja, huyu alishusha kipande yule akipandisha, na kufika jioni ile dari ilikuwa imeota vilima na mabonde. Bwana Shekue alipoiona akasema wameiharibu makusudi, waanze upya, na hata hizo kunde hawatazipata mpaka dari iwe sawa. Bi Zuwena alikiweka kipande chake chini polepole, akajifunga vizuri kanga yake, akashuka ngazi. Nyuma yake wakashuka wote. Ikapita siku ya kwanza, ya pili, hata ya saba, vipande viko pale pale juu, na upande wa kusi mawingu yameanza kujikusanya.

Sasa ilikuwepo katika mji wa Pandikuu desturi ya wagombanao, hasa wafanyao kazi na wafanyiwao. Wakigombana, hawakimbilii kwa Sultani. Humtafuta mwamuzi mmoja ambaye pande zote mbili zinamkubali, kisha huletwa kata ya maji, kila upande hutia chumvi kidogo kwa mkono wake, hukorogwa, wote wakanywa. Wazee walisema chumvi ikishayeyuka haichaguliki tena, hii ya nani na ile ya nani. Baada ya hapo asemalo mwamuzi ndilo.

Wapigilia wakataja mwamuzi, Bwana Shekue akamkataa kwa kuwa ni mkwe wa mpigilia mmoja. Wakataja mwingine, akamkataa kwa kuwa ana akili nyingi. Wa tatu alikataliwa kwa kuwa anapenda nazi. Wakiwa katika hali hiyo, Mshangama akapita njiani amejitwisha mkeka mbovu, na Bwana Shekue moyo ukamcheka. Akawaza, huyu mjinga, sinia moja la pilau linamtosha. Akasema, "Mimi namtaka huyu."

Wapigilia wakanung'unika. Wakasema wao kwenda kuhukumiwa na mtazama chungu ni heri wakale kunde. Bi Zuwena ndiye aliyewanyamazisha. Akawaambia, "Mimi namkubali. Nimemjua miaka ishirini, na sijapata kumsikia akisema jambo ambalo halipo."

Basi ikaletwa kata, ikatiwa chumvi, wakanywa. Na Mshangama akarudi kibandani kwake, akaketi juu ya kinu kilichopasuka, akatokwa na machozi. Maishani mwake hakuna aliyepata kumuuliza hata mkeka uanziwe kushonwa upande gani, na leo watu thelathini na tajiri mmoja wameyaweka maneno yao mikononi mwake. Alifurahi, akaogopa, vyote kwa pamoja.

Asubuhi ya siku ya kuamua, kabla hajatoka, akafika mtumishi wa Bwana Shekue na sinia limefunikwa kawa. Kulifunua, pilau, na juu ya pilau kuku mzima. Mtumishi akasema bwana wake anamsalimu, anamwambia ale ashibe apate nguvu ya kuamua vyema. Mshangama hakuwa ameionja nyama tangu Idi. Tumbo lake likaanza kumtolea hoja, na hoja zilikuwa nzuri. Lakini akajiambia kwamba chumvi ilitiwa na pande mbili na pilau hii imetiwa na upande mmoja. Akaipakua yote katika chano chake cha mti, kile chenye ufa, akaifunika kwa kawa yake mwenyewe iliyotoboka, akamrudishia mtumishi sinia lake tupu. Kisha akajitwika chano kichwani akaenda nyumbani kwa Bwana Shekue.

Alipofika akasikiliza pande zote mbili, kila mmoja mpaka akachoka mwenyewe. Kisha akawaomba wapigilia wapande juu, wapige sehemu ya dari urefu wa mkeka mmoja kwa kimya, na nyingine urefu ule ule kwa wimbo. Wakapiga mpaka adhuhuri. Wakateremka, na Mshangama akaweka chano katikati ya watu, akasema, "Chakula hiki hapa. Mwenye njaa na ale." Wapigilia wakasema wao hawali mpaka neno lao liishe. Bwana Shekue yeye alikuwa hajapata kukipita chakula cha bure. Akanawa, hakuuliza kimetoka wapi, akala mpaka akaikung'uta mifupa ya kuku, akafuta mdomo akasema kwamba aliyeipika pilau hii ana mkono wa ukarimu. Na sisi chano hicho tukiweke kando, tutakikuta mbele.

Baada ya kula, Mshangama akamwomba Bwana Shekue asimame chini ya dari. Akamimina kata moja ya maji pale palipopigwa kwa wimbo, maji yakatulia juu yakang'aa. Akamimina nyingine pale palipopigwa kimya, yakazama, na kule chini kofia ya Bwana Shekue ikalowa. Ndipo Mshangama akatoa uamuzi wake. Wimbo urudi, kwa kuwa wimbo ni chombo cha kazi kama kipande kilivyo. Tui lirudi. Wapigilia waipige upya ile sehemu yenye vilima, kwa jasho lao, kwa kuwa walijua inaharibika wakaendelea kupiga. Na kwa kuwa Bwana Shekue naye ana uso kama watu, jina lake lisitajwe katika wimbo wowote, lakini kunde zinaweza kutajwa.

Wapigilia wakakubali, na hata wale walionung'unika wakaja kumshika mkono. Bwana Shekue yeye alivua kofia iliyolowa, akavaa kavu, akaenda moja kwa moja kwa Sultani.

Sultani wa Pandikuu, Mwinyi Haziri, hakuwa mtu mbaya. Maradhi yake yalikuwa ya aina moja tu, kukosa kazi. Tangu miaka minne nyuma, kwa sababu tutakayoifikia, nyumba yake ilikuwa na utulivu mkubwa, naye akishakunywa uji wa asubuhi hana la kufanya, akawa anapenda kesi kama wengine wapendavyo bao. Bwana Shekue alilijua hilo. Hakusema habari za kunde wala za nazi. Alibusu mkono wa Sultani akasema, "Maulana wangu, nimekuja kuuliza tu. Je, mji huu una masultani wawili? Maana yuko mshona mikeka anayekata hukumu, na watu wanasema haikatwi tena na mwingine."

Likamchoma Sultani. Akaagiza Mshangama aletwe, na Mshangama akaletwa akiwa bado na sindano ya mikeka sikioni. Sultani akamwambia kwamba kesi ile ataisikiliza yeye upya tangu mwanzo, na akiona vingine, basi uamuzi wa Mshangama ni upepo.

Mshangama akaona shingo za wapigilia thelathini, waliomfuata barazani, zimemgeukia. Bi Zuwena alikuwa amesimama mlangoni pa baraza, na mvua ilikuwa imeshanyesha rasharasha alfajiri ile. Akajua kwamba kesi ikianza upya, masika yatawakuta dari iko wazi, Bwana Shekue atawatwisha wao hasara, na hapatakuwa na mtu tena mjini atakayetia chumvi katika kata. Roho ikamuuma. Akasema kwa adabu:

"Maulana, ile chumvi tulikwisha kuinywa. Sasa nitaitolea wapi?"

Watu wakacheka, na Sultani akadhani anachekwa yeye. Akapiga fimbo yake chini. "Basi sikia," akasema. "Si yako tu. Suluhu zote zilizokatwa na waamuzi nje ya baraza langu, tangu nilipokaa katika kiti hiki, nimezifungua. Kila aliyeshindwa na aje, nitasikiliza mimi. Na atakayepiga mbiu ni wewe. Utakwenda na baragumu nyumba kwa nyumba, za huku na za ng'ambo, wakubwa kwa wadogo, usiruke hata moja. Ukiruka moja, Alhamisi jua halitui nawe uko mjini. Usiporuka, Alhamisi hiyo hiyo nitaanza kusikiliza."

Kumfanya mshona mikeka apite akitangaza kuvunjwa kwa hukumu yake mwenyewe ilikuwa aibu iliyokusudiwa. Bwana Shekue alitabasamu mpaka magego yakaonekana. Mshangama akainamisha kichwa akayarudia maneno ya Sultani moja baada ya jingine, huku na ng'ambo, wakubwa kwa wadogo, asiruke hata moja, akauliza kama amepatia. Sultani akasema amepatia. Waziri alikohoa kama mtu aliyetaka kusema jambo, lakini Sultani alimtazama, naye akakimeza kikohozi.

Basi Mshangama akapita siku tatu na lile baragumu. Alipiga katika majumba ya mawe na katika vibanda, akapiga kwa vipofu akapiga kwa viziwi, na kwa viziwi alipiga mara mbili. Hakumwambia mtu neno zaidi ya alilotumwa. Siku ya tatu akapanda mtumbwi akavuka mlango wa bahari kwenda ng'ambo, na huko ilikuwako nyumba moja kubwa nyeupe, peke yake, kati ya miti ya mikungu. Akapiga mbiu mlangoni pake. Dirisha likafunguka, likatoka kichwa cha bibi mmoja mtu mzima, akamwambia, "Rudia, mwanangu." Mshangama akarudia. Yule bibi akafunga dirisha, na ndani ikasikika sauti ya masanduku yakiburutwa.

Alhamisi ilipofika, baraza la Sultani halikuwa na mahali pa kuweka mguu. Walikuja ndugu wawili waliogawana shamba miaka sita nyuma, sasa kila mmoja ameuona mnazi wa mwenzake kuwa ndio mrefu. Walikuja majirani waliopatanishwa juu ya kuku atagaye upande usio wake, na kuku wamemleta. Alikuja mzee mmoja na mke aliyeachana naye miaka kumi na mitatu nyuma, pamoja na mume mpya wa yule mke, wanagombea paka ambaye alikwisha kufa. Sultani alianza na kuku. Alisikiliza tangu asubuhi, akamsikiliza huyu na yule, na hata saa sita inapiga hajajua yai la Jumanne ni la nani. Jasho lilimtoka, uji wake ukapoa kando. Bwana Shekue alikuwa mtu wa mia moja na arubaini katika mstari, na mbele yake alikuwako mwanamke mwenye mbuzi aliyekuwa akiitafuna kanzu yake.

Ndipo nje ikasikika zogo, watu wakapisha njia. Wakaingia wapagazi wawili na kitanda cha samadari, nyuma yao wanne na masanduku, nyuma ya masanduku kinu, mbuzi wa maziwa, kasuku katika tundu, na nyuma ya kasuku akaingia yule bibi wa nyumba nyeupe. Huyo ndiye Bi Mwana Shali, mama mzaa Malkia, mkwewe Sultani. Rangi ikamtoka Sultani usoni.

Na ile sababu ya utulivu wa miaka minne niliyoahidi kuifikia ndiyo hii. Hapo awali Bi Mwana Shali alikuwa akikaa katika jumba la Sultani. Alikuwa akionja chakula cha Sultani kabla yake na kukirudisha jikoni. Alikuwa akimgeuzia kitanda kila mwezi mwandamo, kwa afya yake. Katikati ya baraza alikuwa akimtumia ujumbe kwamba avae kitu cha shingoni. Ugomvi ukaingia kati ya Sultani na Malkia mpaka karibu waachane, ndipo wakachaguliwa waamuzi wawili, mmoja wa upande wake na mmoja wa upande wa mke na mama yake, chumvi ikatiwa katika kata, wakaamua kwamba Bi Mwana Shali akae ng'ambo, na katika jumba aje Idi mbili tu, siku tatu tatu. Siku ile Sultani aliwavika wale waamuzi majoho, akawalilia mabegani.

"Nimesikia mbiu, baba," alisema Bi Mwana Shali, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Suluhu zimefunguliwa zote. Nami nilishindwa, kwa hiyo nimekuja. Mbona umekonda? Na kiti hiki nani amekiweka penye upepo?" Akawaashiria wapagazi, nao wakakiinua kiti pamoja na Sultani juu yake, wakakisogeza kwenye ukuta.

Sultani alipotua akauliza kwa sauti ndogo ni nani aliyeipeleka mbiu ng'ambo. Mshangama akajitokeza na baragumu lake. Akasema, "Ni mimi, Maulana. Uliniambia za huku na za ng'ambo, wakubwa kwa wadogo, nisiruke hata moja. Sikuruka."

Waziri akageuka akatazama ukuta, mabega yanamcheza. Sultani akamwita Mshangama karibu, karibu kabisa, akamnong'oneza, "Nitaifungaje tena hii?"

Mshangama akachuchumaa akajibu, naye hakuwa na kawaida ya kunong'ona, hivyo baraza zima likasikia.

"Maulana, mimi sijui sheria. Najua mikeka. Nikiletewa mkeka ulioshonwa na mwingine, siufumui nione kama mimi ningeushona vizuri zaidi. Ningefanya hivyo mji mzima ungelala chini. Natazama mambo matatu. Pindo zote mbili zimeshonwa? Ukili, yaani utepe wa miyaa, umefika mwisho bila kukatizwa? Panya hajala? Kama ni hivyo, nauacha mkeka wa watu ulaliwe, hata kama rangi zake nisingezichagua mimi."

Sultani akafikiri. Kisha akanyanyuka, na kwa mara ya kwanza siku ile akaonekana Sultani. Akatangaza kwamba baraza lake lina kazi, na kazi yenyewe ni maswali matatu tu. Pande zote mbili zilitia chumvi kwa hiari yao? Mwamuzi alizisikiliza zote mbili mpaka mwisho? Mwamuzi hakula cha mtu? Suluhu ikifaulu hayo, baraza litailinda kwa askari, wala halitaipika upya. Ikikosa moja, mwenye kulalamika na aseme.

Akamgeukia mkwewe kwa hofu. "Mama, ulitia chumvi?"

Bi Mwana Shali akasema alitia, tena chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga.

"Walikusikiliza?"

"Walinisikiliza tangu asubuhi hata alasiri. Mwingine nani angepata nafasi ya kusema?"

"Walikula cha mtu?"

Bi Mwana Shali alikuwa mwanamke wa maneno mengi lakini si mwongo, na kwa hilo mimi namheshimu. Akasema hawakula, kwa sababu chakula kilipoletwa yeye alikionja akakirudisha. Kisha akavuta pumzi, akawaambia wapagazi wageuze masanduku. Ila maji yalikuwa yamekupwa na mtumbwi umekaa matopeni, kwa hiyo akabaki kula chakula cha mchana, na Sultani akakila akiwa na kitu cha shingoni.

Watu waliposikia yale maswali matatu, mstari ukaanza kuyeyuka wenyewe. Ndugu wakaondoka na shamba lao, kuku akarudi kutaga atakako. Akabaki Bwana Shekue. Yeye alikuwa ameyasikia maswali yote, na la tatu lilimwangazia uso. Akajipenyeza mbele akasema kwa sauti kubwa kwamba uamuzi wa Mshangama umeoza, kwa maana mwamuzi alikula.

"Alikula cha nani?" akauliza Sultani.

"Changu, Maulana. Sinia zima la pilau na kuku juu yake. Mtumishi wangu alilirudisha sinia tupu."

Sultani akamuuliza yeye Bwana Shekue alimpelekea mwamuzi pilau kwa sababu gani, na hapo tajiri akaona shimo alilolichimba, lakini mguu umeshatangulia. Akasema ilikuwa sadaka. Wapigilia wote thelathini, waliokula kunde zake, wakamtazama. Kisha Sultani akamgeukia Mshangama, na Bi Zuwena pale mlangoni akashika kifua.

"Maulana," akasema Mshangama, "pilau ililetwa, na ililiwa yote. Nilikiweka chano mbele ya watu thelathini na mmoja, nikasema mwenye njaa ale. Alikula mmoja. Akasema aliyeipika ana mkono wa ukarimu."

"Alikuwa nani?"

Mshangama akageuza kichwa akamtazama Bwana Shekue. Na kwa kuwa hakupenda kusema neno pasipo haja, akamtazama tu. Wapigilia thelathini nao wakamtazama. Kicheko kikaanzia kwa waziri, ambaye alikuwa amekibana tangu asubuhi, kikampata Sultani, na Sultani alicheka mpaka kilemba kikamwangukia mapajani. Alipopata pumzi akasema uamuzi umesimama wote, neno kwa neno, na kwa kuwa Bwana Shekue ana pilau za kupeleka asubuhi, basi siku zote za kupigilia alete pilau, wala si kunde. Mshangama akainua mkono. Akasema hilo Maulana asilifanye, kwa kuwa katika uamuzi halimo. Limo tui tu. Sultani akalirudisha neno lake.

Akamwuliza sasa yeye anataka nini, cheo au mali. Mshangama akasema angependa makuti, kwa kuwa masika yamefika. Sultani akampa makuti ya kuezeka nyumba tatu, na wapigilia wakaja kumwezekea, ingawa kazi hiyo si yao. Akabaki na ile sindano sikioni, na tangu siku ile wakigombana watu wa kazi huko Pandikuu, humtuma mtu akamwulize kama ana nafasi.

Dari ya Bwana Shekue ikaisha siku moja kabla ya mvua kubwa, na haikuvuja tone. Kunde zilikuwa na tui mpaka kijiko kinasimama. Bi Zuwena akaitii hukumu kwa ukamilifu, jina la mtu hakulitaja. Aliimba hivi tu:

"Sinia lilikwenda, jamani, likarejea,
Aliyelituma ndiye aliyelimalizia."

Mji mzima ukaupokea wimbo ule, ukatwangia mpunga. Bwana Shekue akavumilia siku mbili, ya tatu akaenda mbio kwa Sultani, akashitaki kwamba wapigilia wamevunja uamuzi, wanamwimba.

Sultani akamuuliza, "Wamelitaja jina lako?"

"Hawakulitaja, Maulana."

"Basi umejuaje kuwa ni wewe?"

Hekaya yangu imefika darini. Aliyeko chini na atazame juu, aone kama inavuja.